Tairi za skeitibodi kwa hela ya kubana hapa Dar: za Kariakoo, mtumba, ngumu mpya au laini kubwa?

Ukiwa na bodi hapa Dar na hela yako ni ya kuhesabu, kitu kitakachokutoa jasho kabla ya vyote ni tairi. Dekki (ule ubao wa kusimamia) ikichoka unaipanda hivo hivo, traki (vile vyuma vya chini vinavyoshika tairi) zikilegea unakaza nati maisha yanaendelea, ila tairi mbovu zinakufanya uone mchezo wenyewe wa kijinga, unasukuma weee huendi popote, kila kikokoto kinakusimamisha, na ukifika nyumbani nyayo zinawasha kama umekanyaga upupu.

Kwa mtu wa bajeti ndogo machaguo ya kweli hapa mjini ni manne. Kuna tairi zisizo na jina za maduka ya Kariakoo, kuna za brandi kubwa lakini mtumba, kuna ngumu mpya za bei ya chini za kuagizia, na kuna laini kubwa (humu naingiza na za rola skeiti zile za tairi mbili mbele mbili nyuma, sababu utaiona). Nitaziuliza zote maswali yale yale. Mshindi wa jumla simtangazi maana hayupo, anayeskeiti uwanja wa basketi kila jioni na anayetoka Sinza kwenda chuo kwa bodi hawahitaji kitu kimoja.

Tunapimaje

Cha kwanza ni ardhi, na kwangu mimi hiki kina uzito kuliko vingine vyote ukivichanganya. Watu wanachagua tairi kwa kuangalia video za jamaa wa California wanaoskeiti kwenye sementi iliyopigwa ikang'aa, alafu wanakuja kuzipandisha kwenye pevingi za Posta. Jiulize wiki hii bodi yako imekanyaga wapi muda mrefu zaidi. Dar haraka haraka kuna sakafu laini, yani uwanja wa basketi, pakingi ya chini ya jengo, baraza la terazo. Kuna lami nzuri ya barabara kubwa. Kuna lami ya mitaani ambayo kokoto zimetokeza juu. Na kuna pevingi, hizo ndio janga lenyewe kwasababu kila kitofali kina kamfereji pembeni. Ongeza mchanga sasa. Ukikatiza Toure Drive pale Coco, au Barack Obama Drive ambayo wengi bado tunaiita Ocean Road, upepo unasogeza mchanga mpaka juu ya lami, na tairi ndogo ngumu ikiingia kwenye mchanga inagoma hapo hapo, wewe unaendelea na safari peke yako. Barabara ya vumbi siijadili, pale beba bodi mkononi.

Cha pili ni ugumu. Unapimwa kwa skeli inayoitwa Shore A na namba yake huwa imechapwa kwenye tairi. 78A ni laini kabisa, 85A mpaka 92A ni katikati, 99A ni ngumu, 101A ngumu zaidi. Laini inabonyea kidogo ikikutana na mwinuko kwahiyo mtikisiko unaishia kwenye tairi kabla haujafika mguuni. Ngumu haibonyei, inakuletea kila kitu, ila kwenye sakafu nzuri inakimbia na inakubali kuteleza kwa ubavu pale unapotaka. Mtego mmoja wa kujua: ukikuta 83B au 84B usidhani ni laini kuliko 99A. Hiyo ni skeli nyingine, B, unaongeza 20 ndio unapata ya A, kwahiyo 83B ni sawa na 103A, jiwe kabisa. Kampuni ya tairi ya Bones ndio wametumia sana hiyo skeli na kuna watu wameagiza wakidhani wamepata za kukata mitaa.

Cha tatu kipenyo. Triki za mtaani watu wanatumia 50 mpaka 54mm, mchanganyiko 54 mpaka 58, safari 60 na kuendelea. Tairi kubwa inakipanda kikokoto, ndogo inakigonga katikati ya uso inasimama. Hasara ya kubwa ni kwamba bodi inakuwa juu na nzito, na ukikata kona kali tairi inaweza kugusa dekki ikajifunga ghafla. Ikijifunga unaruka wewe.

Cha nne ni malighafi. Tairi ya maana ni poliyurethani. Miaka ya mwanzo ya 1970 Mmarekani mmoja, Frank Nasworthy, alichukua tairi za yurethani zilizokuwa zinatengenezwa kwa ajili ya rola skeiti akaanza kuziuza kwa watu wa bodi kwa jina la Cadillac Wheels. Kabla ya hapo watu walikuwa wanapanda tairi za udongo mgumu na za chuma, zinateleza ovyo na zinamegeka. Kwahiyo mtu anayekuuzia plastiki ngumu leo anakurudisha nyuma ya 1970 na hela anachukua ya leo.

Cha mwisho ni bei kamili, na hapa kuna pande mbili. Ukiagiza nje bei unayoiona sio utakayolipa, kuna usafiri, kuna ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Alafu kuna muda. Tuseme, namba za mfano tu, seti ya elfu 20 inakufa kila miezi miwili na seti ya elfu 90 inakaa mwaka. Kwa mwaka ile ya elfu 20 imekula laki na ishirini. Ila pia najua sio kila mtu anaweza kuwa na elfu 90 kwa siku moja, na kumwambia mtu nunua ya gharama ndio utaokoa hela wakati hiyo hela hana ni kumtania.

1. Zisizo na jina za Kariakoo

*Bei na kuzipata:* hakuna rahisi kuzidi hizi. Ukizunguka maduka ya midoli na vifaa vya michezo Kariakoo utakuta bodi nzima nzima zinaning'inia nje, na mara nyingine muuzaji anakubali kukuuzia tairi peke yake au una rafiki ambaye bodi yake ilivunjika zikabaki tairi. Unalipa unaondoka nazo, hakuna kusubiri mzigo.

*Barabarani:* inategemea umepata ipi, na hapa ndio unatakiwa uwe mjanja kwasababu dukani zinafanana. Humo humo kuna plastiki tupu, kuna PVC, na kuna yurethani ya daraja la chini ambayo inavumilika kabisa. Bonyeza kwa ukucha kwa nguvu: yurethani inakubali kidogo alafu inarudi, plastiki inakutazama tu. Iangushe kwenye sementi kutoka usawa wa kiuno: yurethani inadunda, plastiki inalia kavu na kubaki chini. Angalia mstari wa moldi katikati ya uso wa tairi, kama upo, umenyanyuka na unang'aa, hiyo mara nyingi ni plastiki ya kumiminwa. Angalia pia kama kuna namba yoyote ya kipenyo au ugumu. Kukosekana kwake hakumaanishi mbovu, ila mtu aliyetengeneza kitu anachokijua huwa anaandika. Na muuzaji akikataa usiiangushe chini, chukua ya jirani, maduka ni mengi.

Ile ya plastiki kwenye pevingi haivumiliki. Kwenye terazo au sementi inakwenda, ila haishiki, ukikata kona inakutoka.

*Kwenye triki:* oli (kuruka na bodi bila kuishika) unaweza kujifunzia, kusimama na kusawazisha mwili unaweza kujifunzia. Slaidi (kuteleza kwa ubavu) na kutua kwa nguvu hapana, zinapasuka kwenye kiti cha beringi.

*Kudumu:* ndogo. Plastiki inaisha kwa kukwanguka, na ile ya bei ya chini kabisa inapata bapa (sehemu iliyokwanguka ikawa tambarare) siku ya kwanza utakayoburuta. Ukishapata bapa utaisikia, tak tak tak tak, haiponi.

*Zinamfaa nani:* mtoto anayejaribu kama mchezo utamkaa, au mtu mzima ambaye hana uhakika. Pia mtu aliyekwama kabisa anayetaka bodi itembee wiki hii wakati anajichanga.

2. Brandi kubwa, mtumba

*Bei na kuzipata:* hapa ndio penye michongo na ndio penye kupigwa. Karume na masoko mengine ya mitumba kuna siku bodi nzima inatoka kwenye mzigo wa midoli na anayeiuza hajui kilichopo chini yake, kwake ni ubao wenye tairi. Kuna na wageni wanaohama, maeneo ya Masaki, Oysterbay, Mbezi Beach, wanauza vitu vya watoto kwa mkupuo kabla ya kupanda ndege. Usiulizie tairi, ulizia bodi nzima alafu uangalie tairi. Dekki inaweza kuwa imeoza na bado umefaidika, maana unaondoka na tairi, traki na boti zake.

Utakachokutana nacho sana kwenye mitumba kiukweli ni longibodi, zile ndefu. Tairi zake ni 65 mpaka 70mm, laini, zinafaa kabisa kwa safari za mjini, ila ukizihamishia kwenye bodi ya kawaida zitagusa dekki. Kwahiyo kama unataka safari na umekuta longibodi nzima inauzwa bei ya kueleweka, ichukue yote usihamishe kitu.

*Barabarani:* yurethani nzuri iliyotumika bado ni yurethani nzuri. Seti ya Spitfire iliyoanza na 54mm ikabaki 50 itakimbia freshi kwenye sakafu, ila kwenye pevingi imeshakuwa ndogo. Nenda na rula, pima zote nne. Zikipishana milimita moja mbili sio kesi, zikipishana sana bodi itakaa upande. Zizungushe juu ya kioo cha kaunta au kigae usikie kama zina bapa. Chomeka beringi uone kama inakaa imekaza, ikiingia yenyewe kwa kulegea hicho kiti kimekufa, achana nayo. Rangi ya njano peke yake isikutishe, yurethani nyeupe inageuka njano kwa umri, ila uso ukiwa kama una unga unga na ukikwangua kwa kucha unameguka, hiyo jua limeshaimaliza.

Alafu kuna nakala. Mchoro wa kichwa cha moto wa Spitfire sio ushahidi, mtu yeyote mwenye mashine ya kuchapa anauweka. Vipimo vya ukucha na kudunda vinafanya kazi hapa pia.

*Kwenye triki:* ukipata 99A au 101A iliyobaki na 50mm na kuendelea, hakuna tofauti utakayoihisi na mpya kama bado unajifunza. Hapa kwa triki ndio hela yako inanunua kitu kikubwa zaidi kuliko chaguo lolote kwenye orodha hii, ila kwa bahati.

*Kudumu:* umenunua nusu ya maisha yake iliyobaki, na nusu ya Formula Four, ile fomula ya gharama ya Spitfire, ni ndefu kuliko maisha yote ya plastiki.

*Zinamfaa nani:* mwenye subira na macho. Kama unataka kitu kesho jioni mtumba utakuchelewesha, unaweza kuzunguka mwezi usione kitu.

3. Ngumu mpya za bei ya chini

Hizi ni tairi kama Mini Logo au Bones 100's, zinatoka kwenye kampuni zile zile kubwa ila hazina fomula ya gharama. Ugumu wake ni 100A na 101A.

*Bei na kuzipata:* Marekani seti ya Spitfire Formula Four inacheza kwenye dola 40 hivi, Mini Logo karibu nusu yake, zidisha na reti ya siku hiyo. Tatizo ni kuzifikisha. Seti ya tairi ndogo haifiki nusu kilo, kwahiyo njia ya uswahili ndio bora: mjomba anayerudi, dada wa jirani anayesoma nje, mtu yeyote mwenye begi lenye nafasi. Mwambie mapema, mtumie jina kamili, kipenyo na ugumu kwa maandishi, na picha, kwasababu mtu asiyejua akiambiwa tu tairi za skeitibodi atakuletea zile za mtoto zenye taa. Ukiagiza mwenyewe kwa posta au mzigo, unganeni watatu wanne mgawane usafiri, seti moja peke yake usafiri unaweza kuizidi bei ya tairi.

*Barabarani:* hapa nasema kwa ukali kidogo. Kwa mitaa mingi ya Dar hizi ni mateso. Zimetengenezwa kwa sementi laini, mtu aliyeko Kitintale kule Kampala, ile paki ambayo vijana wenyewe waliijenga 2006, au anayeskeiti Shangilia Nairobi, anazielewa kila siku. Wewe unayetoka Tabata kwa lami yenye kokoto utazichukia kabla hujafika Buguruni. Pia ukikutana na kijiwe kidogo hazikipandi, zinakisimamia.

*Kwenye triki:* hapa sasa hazina mjadala. Zinateleza unapotaka, zinafunga kwenye ukingo wa grindi (pale unaposugua traki) bila kunata, ni nyepesi, oli inapanda. Uwanja wa basketi wenye sakafu nzuri au pakingi ya chini ya jengo siku ya Jumapili, kama mlinzi ni muelewa, ni raha tupu. Kwa kipenyo 52 au 53mm inatosha kwa wengi, 54 kama sakafu yako ina nyufa.

*Kudumu:* nzuri. Hazifiki fomula za juu kwenye kupambana na bapa, ila kama hujaanza kuteleza kwa ubavu kwa spidi hutaona tofauti. Zungusha nafasi kila baada ya muda, ya mbele kushoto iende nyuma kulia, na geuza upande wa ndani uwe nje, zitaisha sawa sawa.

*Zinamfaa nani:* mtu wa triki mwenye sehemu laini ya uhakika karibu na kwao. Sehemu ikiwa mbali na unaifuata kwa kuskeiti, soma tena kipande cha barabarani hapo juu. Ikiwa mbali na unapanda daladala kufika, chukua.

4. Laini kubwa, na ndugu zake wa rola skeiti

*Bei na kuzipata:* mpya za brandi, mfano OJ Super Juice za 60mm 78A au Ricta Clouds zinazokuja 78A, 86A na 92A, zinahitaji njia zile zile za kuagizia na bei yake iko juu ya zile za namba tatu. Hapo ndio rola skeiti inapoingia. Tairi za rola za nje, yani za kuskeitia barabarani sio ukumbini, mara nyingi ni kama 62mm 78A, yurethani, na zinakaa kwenye beringi yenye kipenyo cha nje kile kile cha 22mm kama ya skeitibodi. Ekseli ya traki yako ni 8mm. Rola baadhi, hasa za zamani, beringi zake zina tundu la 7mm, haziingii, lakini tairi yenyewe inapokea beringi zako za 608 (zile za kawaida za skeitibodi, tundu la 8mm) bila tatizo, unatoa zake unaweka zako. Na Dar rola ni nyingi kuliko skeitibodi, kwahiyo jozi ya mtumba yenye viatu vilivyochanika ambayo hakuna mtu anaitaka ni tairi nane. Nane! Hizo ni bodi mbili.

Tahadhari mbili. Rola za ndani zina tairi ngumu, angalia namba kabla hujashangilia. Na zile rola za mstari mmoja, tairi nyembamba zilizochongoka, usihangaike nazo, ni nyembamba na ndefu mno kwa bodi, zitakugusa dekki na hazisimami vizuri. Ukishaweka ya rola kwenye traki izungushe kwa mkono uone haikwaruzi chuma cha traki kwa ndani, ikikwaruza ongeza washa, kile kipete chembamba cha chuma kwenye ekseli.

*Barabarani:* hapa Dar hizi ndio zinakurudishia imani. Pevingi zinabaki kuwa kelele ya chini chini, lami mbovu inakuwa lami ya kawaida, mchanga mwembamba unapita. Hazikimbii kama ngumu kwenye sakafu nzuri, ila nani anasafiri kwenye sakafu nzuri. Moja tu, usidanganyike na wepesi wake ukaingia njia ya mwendokasi, pale ni basi na wewe na basi halina mzaha.

Ukiweka 60mm kwenye bodi ya kawaida weka na raiza (kipande cha kuinua) kati ya traki na dekki, ya milimita 6 hivi, na boti ndefu zaidi. Raiza ukikosa, soli ngumu ya raba kwa fundi viatu, unaikata kwa umbo la beseni la traki na kutoboa matundu manne, inafanya kazi. Usitumie kandambili, inabonyea na boti zinalegea njiani.

*Kwenye triki:* zinarudisha, zinanata, ni nzito. Oli ya kupanda ukingo wa barabara unaweza, kikflipu (kuruka huku bodi ikijizungusha chini ya miguu) utatukana. Slaidi sahau.

*Kudumu:* kwa safari zinakaa muda mrefu sana maana haziburutwi. Ukilazimisha kuteleza nazo kwa ubavu kwenye lami kavu ndio zinameguka vipande.

*Zinamfaa nani:* anayetumia bodi kama usafiri, na anayeanza anayeishi mtaa mbovu. Hili la pili watu wengi hawalisemi, anayeanza anaambiwa anunue 99A kwasababu ndio za kiskeita, anatetemeka mwezi mzima anaacha.

Katikati kuna 92A na Dragon za Powell Peralta za 93A, zinazojaribu kuteleza kama ngumu na kupita kama laini. Nzuri, ila Dragon bei yake sio ya andiko hili.

Kabla hujalaumu tairi

Angalia beringi. Chumvi ya bahari na unyevu wa Dar vinazila haraka, ukipita maji ya masika mara moja bila kuzikausha zinaanza kulia. Zitoe, zioshe kwa petroli au spiriti mbali na moto, zikauke kabisa, alafu tone moja moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yanaganda na kukusanya mchanga. Na namba ya ABEC iliyoandikwa kubwa kwenye boksi inahusu usahihi wa vipimo vya beringi, haikuambii bodi itakwenda kasi gani kwenye pevingi za Kinondoni. Mtu ana tairi za plastiki anatafuta ABEC 9, hiyo hela angeiweka kwenye tairi.

Sasa wewe uko wapi

Bodi yako ilikuja na plastiki na mfukoni una kidogo sana: anza kuwinda rola za mtumba kabla ya kurudi kununua tairi nyingine za dukani. Ukikosa kabisa ndio urudi Kariakoo na ukucha wako.

Unaenda chuo au kazini kwa bodi: laini, 58 mpaka 62mm, au longibodi nzima ya mtumba. Ukiwa na mwili mkubwa panda kidogo kwenye ugumu, 83A mpaka 86A, kwasababu 78A inabonyea sana chini ya mtu mzito na utasukuma mara mbili.

Una uwanja laini na kila jioni uko pale: ngumu mpya za bei ya chini kama una mtu wa kukuletea, mtumba wa 99A kama huna. Usisubiri Formula Four ndio uanze kikflipu.

Unafanya vyote, safari na triki, na ni seti moja tu unaweza: 54 mpaka 56mm, ugumu 90 hadi 95 hivi, ukubali kwamba kila upande utanung'unika kidogo. Kama una nafasi ya seti mbili za hali ya chini badala ya moja ya katikati, mimi ningechukua mbili, spana ya 13 moja na dakika kumi umebadilisha, ila kila seti iwe na beringi zake, kuzing'oa na kuzirudisha kila siku kunaua kiti cha beringi.

Unamnunulia mtoto wa miaka nane tisa: usimpe plastiki inayoteleza kwenye kona, mtoto anaanguka anaogopa. Yurethani ya Kariakoo iliyofaulu kudunda inamtosha, na ukipata laini za rola ndio vizuri zaidi, zinashika na haziendi kasi sana.

Mko wawili na kila mmoja ana elfu kadhaa: changeni, tafuteni jozi moja ya rola za nje, pimeni tairi zote nane kwa rula, gawaneni nne nne kwa kulinganisha zilizochakaa na zilizochakaa, zinazokaribiana ziende bodi moja. Beringi za 608 kila mtu abaki na zake, na za kwenye rola zikiwa na tundu la 8mm ziwekeni akiba.